Rejeta mpya imegoma: kutafuta kosa baada ya kuibadilisha mwenyewe

Kubadilisha rejeta ya ukutani, yaani lile sanduku la chuma linalotia joto chumba kwa maji yaliyopashwa na boila ya gesi, katika nyumba ya Uingereza kunaonekana kazi nyepesi, na kwa kweli ni nyepesi: nati mbili za kufungua, mabano mawili ya kufunga, beseni, ndoo na matambara ya kutosha. Kinachowatoa watu jasho ni kile kinachofuata. Rejeta inang'aa chini ya dirisha, boila inanguruma, lakini chuma ni baridi vilevile kilivyotoka dukani. Au juu kuna moto na chini hakuna kitu. Au zulia limelowa. Au geji ya boila imeshuka usiku hadi sifuri, na asubuhi hakuna maji ya moto ya kuoga.

Rejeta yenyewe ni sanduku la chuma tu. Haina waya, haina injini, haina cha kuungua. Ikigoma, iache kwanza, uyachunguze maji: yanafika? Yanatoka? Yamebeba hewa, au yamebeba matope? Mengi ya majibu hayo unayapata kwa kiganja cha mkono, kabla hujagusa spana.

Kuna mipaka, nayo niitaje mapema. Maji ya kupasha nyumba unaweza kuyashughulikia mwenyewe; gesi hapana. Kazi ya gesi ni ya fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register, daftari la mafundi gesi lililochukua nafasi ya lile la zamani, CORGI, tarehe 1 Aprili 2009, na kufungua kifuniko cha ndani cha boila kumo humohumo. Kama umepanga, usinunue hata nati. England, kifungu cha 11 cha Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 1985 kinamtwika mwenye nyumba, kwa mikataba mingi ya kawaida ya kupanga, jukumu la kutengeneza mfumo wa kupasha joto. Mwandikie, na utunze nakala. Walioko kwenye maghorofa ya Ujerumani au Sweden wawe waangalifu zaidi: huko rejeta ya sebuleni mara nyingi imeunganishwa na mfumo wa jengo zima, na maji utakayomwaga si yako peke yako.

Jua nyumba yako ina mfumo gani

Dalili moja inaweza kuwa na maana mbili tofauti, kutegemea maji yanaingiaje. Kama kuna geji ya presha kwenye boila na hakuna tangi dogo darini, mfumo umefungwa. Ndivyo zilivyo nyumba nyingi zenye boila ya kombi, ile inayopasha nyumba na pia maji ya bombani bila tangi. Ukiwa baridi, mfumo huo hukaa kati ya ba (kipimo cha presha) 1 na ba 1.5, ukipata moto presha hupanda kidogo, ikifika ba 3 valvu ya usalama hufunguka na kumwaga maji nje. Kama kuna tangi dogo darini, mbali na lile kubwa la maji ya matumizi, mfumo wako uko wazi. Hauna geji, na hujijaza wenyewe kwa uzito wa maji yanayoshuka.

Je, rejeta ya zamani imekufa kweli?

Nimewaona watu wakitoa rejeta nzima kabisa ukutani kwa sababu haikuwa na moto, wakaweka mpya, nayo ikawa baridi vilevile. Basi kabla ya kulipa, washa mfumo, subiri rejeta zote zipate moto, kisha pitisha kiganja polepole. Angalia usiungue: maji yanaweza kuwa nyuzi 70.

Juu baridi, chini moto: ni hewa. Zima pampu, fungua skrubu ndogo ya pembeni juu kwa ufunguo wake, zuia kwa kitambaa, acha ipulize mpaka yatoke maji, funga. Mafundi wa magari wana neno zuri la kazi hii kwenye breki, kutoa upepo, nami nitalitumia. Nimesema zima pampu kwa sababu, kwenye mfumo wa tangi la darini, pampu inayozunguka inaweza kuvuta hewa ndani badala ya kuitoa.

Juu moto, chini katikati baridi: ni matope. Maji yakila chuma kwa miaka yanaacha unga mweusi mzito unaovutwa na sumaku. Kitaalamu huitwa magnetaiti. Unga huo hutuama chini, nayo maji ya moto hupita juu yake. Rejeta ya namna hii inaweza kutolewa, ikapelekwa uani, ikasafishwa kwa mpira wa maji na kugongwagongwa kwa nyundo ya mpira hadi maji yatoke meupe. Mara nyingi hiyo inatosha, na umeokoa pesa ya rejeta nzima.

Unalazimika kutoa upepo kila baada ya wiki mbili tatu? Hapo usifurahie kwamba umepata dawa. Gesi inayokusanyika huenda si hewa bali haidrojeni inayozaliwa na kutu ndani ya chuma, nayo inawaka, kwa hiyo usisogeze kiberiti wala sigara. Mfumo unakosa dawa ya kuzuia kutu, na rejeta mpya utakayoweka italiwa kama ile ya zamani.

Rejeta iliyotoboka, hata kwa tundu la sindano, ndiyo ya kubadilishwa bila mjadala. Kuiziba kwa gundi ni kuahirisha mafuriko.

Umefunga valvu zote mbili, maji hayaishi

Hii ndiyo dalili inayowatia watu hofu, maana inatokea huku nati iko wazi na beseni linafurika. Boila imezimwa, mfumo umepoa, umefunga upande wa kulia na wa kushoto, umelegeza nati, umefungua skrubu ya upepo ili hewa iingie. Rejeta ya kawaida ina lita chache tu ndani. Baada ya mabeseni mawili matatu ilipaswa kukauka. Kama bado inatiririka kwa nguvu ileile, valvu moja haijafunga.

Mshukiwa wa kwanza ni ile yenye kichwa cha namba, yenye themostati, yaani inayojifungua na kujifunga kufuata joto la chumba. Kuizungusha hadi alama ya theluji si kuifunga. Alama hiyo inamaanisha "fungua chumba kikikaribia kuganda", na kwa valvu nyingi hiyo ni nyuzi 6 au 7 hivi. Ukiacha bomba wazi usiku wa Januari kwenye chumba kisicho na joto, valvu itajifungua yenyewe na kumwaga mfumo sakafuni. Valvu nyingi zinauzwa na kofia ya plastiki ya kukazwa kwa mkono badala ya kichwa. Hiyo ndiyo inayosukuma kipini hadi mwisho. Na hata ukiwa nayo, kama rejeta itakaa nje ya ukuta hadi kesho kwa sababu unapaka rangi, funga mdomo wa valvu kwa kizibo cha shaba kinacholingana nao. Vizibo hivyo ni bei ya chai.

Mshukiwa wa pili ni valvu ya upande wa pili, yenye kofia ya plastiki isiyozunguka kitu. Ndiyo valvu ya kusawazisha, inayopanga maji kiasi gani yapite kwenye rejeta hii. Toa kofia, funga kwa spana ndogo kufuata mshale wa saa, na uhesabu mizunguko hadi ikome. Iandike ukutani kwa penseli, mahali rejeta itakapofunika. Utaihitaji. Kama imekaa miaka ishirini haijaguswa, inaweza kugoma kufunga kabisa, au kuvuja kwenye shina baada ya kuguswa. Usiilazimishe kwa spana malaya na bomba la kuongeza nguvu, utavunja shingo yake. Hapo kazi imebadilika: unamwaga mfumo mzima kupitia koki ya chini, mpira ukielekea nje, na unabadilisha valvu zote mbili pamoja na rejeta. Kwa maoni yangu ndivyo inavyofaa hata kama ile ya zamani imekubali kufunga, maana valvu mpya ni nafuu kuliko zulia.

Na hilo zulia, lifunike mbali kuliko unavyodhani inatosha. Maji ya ndani ya rejeta ni meusi kama wino, na doa lake halitoki.

Inavuja

Tone moja linaweza kutembea chini ya bomba na kudondokea mahali pasipohusika. Usikaze kila nati unayoiona. Kausha kila kitu, kisha zungushia kila kiungo kipande cha karatasi ya chooni. Subiri. Karatasi iliyo juu kabisa kati ya zile zilizolowa ndiyo inayokuonyesha mlango.

Imelowa pale mkia wa shaba, kile kibomba kifupi kinachoiunganisha rejeta na valvu, unapoingia kwenye rejeta? Hapo ni uzi wa nusu inchi, na uzi peke yake hauzibi. Kinachoziba ni tepu nyeupe ya PTFE, utepe mwembamba wa plastiki usio na gundi. Sababu mbili za kawaida: tepu chache mno, au imezungushwa upande usio. Mkia ukiwa umeushika uzi ukikutazama, zungusha kufuata mshale wa saa, ili ukiukaza tepu isijikunje na kuchomoka. Mizunguko kumi hadi kumi na tano ya tepu nyembamba ya kawaida si mingi kwa uzi huu. Kama uzi wa mkia ni laini mno, ukwaruze kidogo kwa msumeno ili tepu ishike. Vizibo vyenye pete ya mpira vinavyokuja na rejeta havihitaji tepu kabisa. Ukivikaza kwa hasira mpira unakatika, na hilo ndilo chanzo cha matone mengi ya juu pembeni.

Imelowa kwenye nati kubwa kati ya mkia na valvu? Hapa watu huongeza tepu kwenye uzi wa nati, na haisaidii, kwa sababu maji hayazibwi na uzi huo bali na nyuso mbili za shaba zinazokutana ndani. Ama kuna uchafu kati yake, ama rejeta imetundikwa milimita chache kando, hivyo nyuso zimekutana kwa mshazari. Legeza, sogeza rejeta kwenye mabano hadi mkia uingie valvuni wenyewe bila kulazimishwa, ndipo ukaze. Kuna sababu ya tatu inayowatesa wengi: mkia wa kampuni moja na valvu ya kampuni nyingine. Nati inaingia vizuri, uzi unakubali, lakini nyuso za ndani hazifanani. Tumia mkia uliokuja na valvu uliyonayo.

Imelowa chini, valvu inapokutana na bomba linalotoka sakafuni? Huenda ulifungua nati kubwa bila kuishikilia valvu kwa spana ya pili, ikazunguka na kuhama kwenye pete yake ya shaba. Ishike valvu, kaza nati ya chini robo mzunguko, usubiri. Ikiendelea, mwaga, fungua, paka pete dawa ya kuziba viungo, rudisha. Ukikaza zaidi na zaidi, pete inalibana bomba mpaka linaingia kiuno, na hapo itabidi ukate.

Kuvuja kwenye shina la valvu ya kusawazisha hutibiwa kwa kukaza kidogo nati ndogo inayolizunguka shina. Kwenye yenye themostati, mara nyingi ni kubadilisha tu.

Haivuji, imejaa, lakini ni baridi

Anza na vitu vya aibu. Je, valvu ya kusawazisha umeifungua tena? Wengi huisahau kwa sababu haina kichwa cha kuwakumbusha. Rudisha ile mizunguko uliyoiandika ukutani. Je, vizibo vya plastiki vya kusafirishia vimetoka kwenye matundu yote mawili ya chini? Je, sofa, pazia zito au kanga zilizoanikwa zimefunika kichwa cha themostati? Kichwa hicho kinapima joto la hewa inayokizunguka. Kikifunikwa kinadhani chumba kina moto wa kutosha na kufunga maji.

Kisha shika mabomba yote mawili, linaloingia na linalotoka, karibu na sakafu. Bomba moja likiwa na moto na rejeta baridi, maji yamefika mlangoni yakazuiwa. Tazama kipini cha valvu yenye themostati. Fungua kichwa kwa mkono. Ndani kuna kijiti kidogo cha chuma kinachopaswa kuingia ukikisukuma na kurudi ukikiachia. Baada ya kiangazi kizima bila kutumika hukwama chini. Kigonge taratibu ubavuni mwa valvu, kisukume kwa bapa ya spana mara kadhaa, tone la mafuta, kitarudi. Usikivute kwa koleo. Kikichomoka, maji yanafuata.

Mabomba yote mawili yakiwa baridi, fanya jaribio hili, na kama utakumbuka jambo moja tu katika makala hii, naomba liwe hili. Funga rejeta nyingine zote ndani ya nyumba, uache hii moja tu, na uwashe. Pampu sasa haina pengine pa kupeleka maji. Rejeta ikipata moto, bomba ni zima. Shida ilikuwa mgawanyo, na dawa yake iko sehemu inayofuata. Mara nyingi, kama ilikuwa hewa iliyokwama kwenye kona ya bomba, jaribio lenyewe limeshaisukuma na tatizo limekwisha. Ikibaki baridi, bomba limeziba. Nyumba zenye mabomba membamba ya milimita 8 au 10 huziba kwa matope, hasa pale yanapogawanyika, na rejeta mpya haitabadilisha lolote. Hiyo ni kazi ya kuosha mfumo kwa mashine, na unaweza kumwita fundi bomba bila kuona haya.

Usisahau themostati ya ukutani. Kama iko chumba hichohicho cha rejeta mpya, na rejeta mpya ni kubwa kuliko ya zamani, chumba kitapata joto upesi, themostati itazima boila, na vyumba vingine vitabaki vikitetemeka. Chumba chenye themostati ya ukutani kwa kawaida hakiwekwi valvu ya themostati kwenye rejeta yake, ili viwili hivyo visigombane.

Rejeta ndefu za kusimama wima zina ugonjwa wao. Baadhi zina kizuizi ndani kinachoyalazimisha maji kupanda juu kabla ya kurudi, na kizuizi hicho lazima kiwe upande maji yanapoingilia. Ukizigeuza, maji yanakatiza chini kwa chini, nayo rejeta inapata moto hadi gotini tu. Utatoa upepo hadi uchoke. Soma karatasi iliyokuja ndani ya boksi, na kama hujui bomba lipi linaleta, washa mfumo ukiwa baridi na uone lipi linapata moto kwanza.

Hii imewaka, nyingine zimepoa

Maji ni mavivu, yanapita njia rahisi. Rejeta mpya yenye valvu wazi kabisa karibu na boila itakunywa maji yote na ya chumbani mwisho itabaki na makombo. Kusawazisha ni kuzibana zilizo karibu ili za mbali zipate.

Fungua vichwa vyote vya themostati hadi mwisho na valvu zote za kusawazisha pia. Acha mfumo upoe kabisa, kisha washa na utembee nyumbani ukiandika ni ipi iliyopata moto kwanza hadi ya mwisho. Anza na ya kwanza: ibane valvu yake ya kusawazisha hadi karibu kufunga, halafu fungua kidogo kidogo mpaka tofauti ya joto kati ya bomba linaloingia na linalotoka ifike unakotaka. Kwa boila za zamani walilenga nyuzi 11 hivi. Kwa boila za kisasa zinazogeuza mvuke wa moshi wake kuwa maji ili kuvuna joto lake, tofauti kubwa zaidi, hadi nyuzi 20, inafaa, kwa sababu boila hizo hupata faida pale maji yanaporudi chini ya nyuzi 55 hivi. Nenda kwa ya pili, ya tatu, hadi ya mwisho, ambayo kwa kawaida huachwa wazi. Baada ya kila mguso subiri. Chuma hakijibu papo hapo. Vipimajoto viwili vya kubana kwenye bomba vinarahisisha sana. Ni jioni nzima ya kupanda na kushuka ngazi, na ndiyo sababu watu wengi hawaifanyi.

Presha inashuka

Siku za kwanza, kushuka kidogo ni kawaida. Maji mapya yana hewa iliyoyeyuka ndani yake. Yakipata moto hewa hujitenga, unaitoa, na presha inapungua. Jaza tena hadi ba 1 na kidogo kupitia bomba la kujazia chini ya boila, fungua polepole ukitazama geji, funga koki zote mbili. Kama bomba hilo ni la kuvaa na kuvua, livue: kanuni za maji za Uingereza hazitaki mfumo wa kupasha joto ubaki umeunganishwa moja kwa moja na maji ya kunywa.

Ikiendelea kushuka baada ya hapo, kuna maji yanayotoka mahali. Rudia karatasi ya chooni. Ikiwa viungo vyote ni vikavu, tazama geji kwa mwendo wake. Inapanda hadi karibu ba 3 mfumo ukiwa na moto, kisha inaanguka hadi sifuri ukipoa? Hiyo si rejeta yako. Chombo cha kupokea maji yanayotanuka kimepoteza hewa yake, kwa hiyo maji yakitanuka hayana pa kwenda na valvu ya usalama inayamwaga kwenye kibomba cha shaba kinachotokeza ukuta wa nje. Nenda ukitazame, kama ukuta chini yake una unyevu, umepata jibu. Chombo hicho mara nyingi kiko ndani ya boila, kwa hiyo mpigie aliyesajiliwa.

Geji inashuka taratibu bila kupanda sana? Zima boila usiku, na ukiweza, funga valvu mbili za maji ya kupasha zilizo chini yake. Asubuhi, kama geji imeshuka, kasoro iko ndani ya boila. Kama geji imesimama na inaanguka mara unapofungua valvu, maji yanatokea nyumbani, pengine chini ya sakafu. Fungua valvu hizo kabla ya kuwasha tena.

Presha inayopanda yenyewe mfumo ukiwa baridi ni jambo jepesi zaidi: mara nyingi koki ya kujazia haijafunga vizuri.

Na dawa ya kuzuia kutu? Kila mara ulipomwaga na kujaza maji mapya uliipunguza nguvu. Soma lebo, chupa ya nusu lita ya aina nyingi hutosha mfumo wa lita 100 hivi. Njia rahisi ni kuimimina kwenye rejeta mpya kupitia tundu la juu kabla ya kufunga kizibo. Ukiiacha, umerudi kwenye ule unga mweusi.

Ina moto yote, lakini chumba hakipati joto

Hapa rejeta haina kosa, ila ilinunuliwa kwa macho. Namba ya wati kwenye boksi inapimwa kwa tofauti ya nyuzi 50 kati ya wastani wa joto la maji na hewa ya chumba, yaani maji yakiingia kwa nyuzi 75, yakitoka kwa 65, chumba kikiwa 20. Ukiwa umeshusha boila ili kuokoa gesi, maji yakawa yanaingia kwa 55 na kutoka kwa 45, tofauti imekuwa 30, na rejeta ileile inatoa karibu nusu tu ya kilichoandikwa. Nguvu ikitajwa kwa BTU (kipimo cha joto cha Kiingereza) kwa saa, gawanya kwa 3.412 upate wati.

Dawa si kuongeza urefu, ambao utakulazimisha kuhamisha mabomba. Badilisha aina. Rejeta ya bamba moja yenye safu moja ya mapezi huitwa aina ya 11. Ya mabamba mawili na safu mbili ni aina ya 22, na kwa urefu na kimo kilekile inakaribia kutoa mara mbili. Inazidi kutokeza ukutani, na ni nzito: ya sentimita 60 kwa 120 inakaribia kilo 40 kabla ya maji. Ukuta wa jipsamu hauibebi kwa plagi za plastiki za kawaida. Tafuta mihimili ya mbao nyuma yake au tumia nanga za uzito huo. Mwite mtu akusaidie kunyanyua. Kama nyumba inatazamia pampu ya joto siku za usoni, yaani mashine ya umeme inayovuta joto la nje badala ya kuchoma gesi, fikiria maji yasiyo moto sana: tangu Juni 2022 kanuni za ujenzi za England zinataka mfumo mpya, au uliobadilishwa wote, upangwe kwa maji yasiyozidi nyuzi 55. Kwa rejeta moja hulazimiki, lakini kununua kwa hesabu hiyo ni akili.

Zile za zamani mno zina kasheshe nyingine: zilitengenezwa kwa inchi, nazo za leo ni kwa milimita. Pima kati ya katikati ya bomba na katikati ya bomba, si chuma chenyewe. Upungufu mdogo unazibwa na mkia mrefu wa kurefushika. Kuyavuta mabomba yafikie rejeta ni kutafuta uvujaji wa mwakani.

Kelele

Kubwabwaja kama mto ni hewa. Toa upepo tena. Kugonga kama nyundo pale valvu yenye themostati inapokaribia kufunga ni ishara kwamba imewekwa upande ambao maji yanaingia kinyume na mshale uliochorwa ubavuni mwake. Za kisasa nyingi zinakubali pande zote mbili, za zamani hazikubali, kwa hiyo hamishia upande wa pili au nunua mpya. Mluzi mwembamba ni valvu ya kusawazisha iliyobanwa mno au pampu iliyowekwa kasi kubwa. Boila ikinguruma kama birika linalotaka kuchemka, hasa London na kusini mashariki ambako maji yana chokaa nyingi, usiilaumu rejeta. Huko ndani ya boila ndiko kumejenga gamba.

Tiki-tiki-tiki wakati wa kuwaka na kuzima ni bomba linalotanuka na kusugua ubao wa sakafu au ukingo wa tundu. Chomeka kipande cha sponji au plastiki laini kati ya bomba na mbao, na kama mlio unatoka nyuma ya rejeta, angalia kama zile ngozi za plastiki zilizokuja na mabano umeziacha ndani ya boksi.